Somo la Redio: Historia ya Kompyuta ya Kuhariri Picha, na Mahali Kazi Inapokwama

Somo la leo ni la historia, lakini ni historia inayogusa mfuko wako.

Watu wengi siku hizi hupata riziki kwa kupiga picha za video: za arusi, za mahafali, za mikutano ya dini. Mtu wa kazi hiyo hujinyima, huweka akiba, kisha huenda dukani kutafuta kompyuta ya kuhariria. Huko huonyeshwa kasha lenye taa za rangi na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo yenye nguvu. Hulipa, huibeba nyumbani, na picha zinakwamakwama vile vile. Kwa nini? Jibu lake hulipati vizuri ila kwa kurudi nyuma miaka mingi.

Hapo kale kuhariri sinema kulikuwa kazi ya mkasi na gundi. Mhariri hakuikata filamu yenyewe iliyopigwa. Alikata nakala yake ya kazi, na mpango ulipokwisha ndipo filamu ya asili ilipokatwa kwa kuifuata nakala. Tafadhali likumbuke jambo hili, maana tutalihitaji baadaye. Mwaka 1956 televisheni za Marekani zilianza kutumia kanda za sumaku, na taabu mpya ikazuka: juu ya ukanda wa sumaku jicho halioni picha. Fundi alilazimika kunakili kipande baada ya kipande kutoka mashini moja hadi nyingine, na akitaka kuingiza kipande kimoja katikati, vyote vilivyofuata hapana budi vinakiliwe upya.

Mwaka 1971 kampuni ya CMX, iliyoundwa na CBS pamoja na Memorex, ilitoa mtambo ulioitwa CMX 600. Mhariri aliketi mbele ya viwambo viwili, akagusa picha kwa kalamu ya mwanga, na kompyuta ikamletea kipande chochote alichotaka bila kungoja ukanda uzunguke. Ajabu kubwa! Lakini bei yake ilikuwa kama dola 250,000, diski zake zilikuwa na ukubwa wa mashini za kufulia nguo, na zote pamoja zilichukua picha za kiasi cha nusu saa tu, tena nyeusi na nyeupe. Basi tazama kazi ilikwama wapi. Wazo lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni pa kuziweka picha.

Sasa tuiache picha kidogo, tuitazame kompyuta yenyewe. Mnamo Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo. Kwa sababu ya haraka, mafundi wake hawakutengeneza kila kitu wenyewe: prosesa waliinunua kwa Intel, programu ya kuiendesha waliipata kwa Microsoft. Zaidi ya hayo walichapisha kitabu kilichoonyesha mchoro wa nyaya zake. Walichokilinda kwa haki yao kilikuwa programu ndogo iliyomo ndani ya ubao mkuu, iitwayo BIOS. Mwaka 1982 Compaq walitangaza kompyuta iliyokuwa na BIOS waliyoiandika wenyewe bila kunakili ile ya IBM, na mwaka 1984 Phoenix wakaanza kuwauzia watu wengine BIOS ya namna hiyo. Tangu hapo mlango ulikuwa wazi, na viwanda vya Taiwan vikaingia kwa nguvu. Mwaka 1995 Intel ikatangaza kipimo kiitwacho ATX, kinachosema matundu ya misumari yakae wapi na waya za umeme ziingie wapi. Ubao wa kiwanda hiki ukaenea katika kasha la kiwanda kile, kama vile mnyororo na taili zinavyoenea katika baiskeli ambayo hazikuzaliwa nayo.

Kwa maoni yangu, hiki ndicho kisa kikubwa cha somo letu. Unafuu huu haukuletwa na huruma ya matajiri. Uliletwa na vipimo vilivyotangazwa hadharani.

Hata hivyo kompyuta ya nyumbani ilikuwa bado haiwezi picha. Fanya hesabu nami. Picha ya televisheni ya kawaida ya wakati ule, isipobanwa, hula zaidi ya megabaiti 20 kwa sekunde moja. Diski ya megabaiti 100, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa kitu cha kujivunia, ingejaa kwa sekunde tano! Kampuni ya Avid ilionyesha mtambo wake wa kuhariri mwaka 1989, ukiendeshwa na kompyuta ya Macintosh, na kwa mtambo wa Avid Walter Murch alihariri sinema ya The English Patient, akapewa tuzo ya Oscar mwaka 1997. Lakini mtambo wa namna hiyo uliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Kilichombadilishia hali mtu wa kipato kidogo ni DV, mtindo wa mwaka 1995 wa kuhifadhi picha kwa tarakimu. Uliibana picha hata saa nzima ikaenea katika gigabaiti 13 hivi, na kila picha ilibanwa peke yake, bila kutegemea jirani yake. Kwa waya mmoja kamera ikaungana na kompyuta. Ilipofika mwaka 2000, mtu aliweza kuhariri nyumbani.

Ndipo kukwama kulipohama. Mwaka 2003 kukaja H.264, ambao kamera na simu nyingi zinautumia. Huu hauandiki kila picha kwa ukamilifu. Huandika zaidi tofauti kati ya picha na picha. Ukitaka kuona picha ya tisa, yawezekana kompyuta ikalazimika kwanza kuzifumbua zile nane zilizotangulia. Kwa hiyo faili ni jepesi kwa diski lakini ni zito kwa prosesa, na hapo wengi hudanganyika, wakidhani faili dogo ni kazi ndogo. Mwaka 2011 Intel ilitia ndani ya prosesa zake sehemu maalumu ya kufumbua picha hizo. Lakini angalia: zile prosesa zao ambazo jina lake huishia kwa herufi F hazina sehemu hiyo. Bei yake hupungua kidogo, na kwa mhariri asiye na kadi nzuri ya picha, hiyo ni rahisi inayogharimu.

Mwaka huo huo wa 2011 programu ya Resolve ilianza kutolewa pia kwa namna isiyolipiwa. Kabla ya hapo mitambo yake ya kusahihisha rangi iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Programu hii hutwisha sehemu kubwa ya mzigo wake kadi ya picha. Mwaka 2017 AMD ikauza prosesa ya Ryzen yenye viini vinane kwa dola 329, ilhali mwaka uliotangulia ya Intel yenye viini vinane ilipita dola 1,000.

Haya, mwenye akiba ndogo aanzie wapi? Atafute prosesa yenye uwezo wa kufumbua picha, kumbukumbu ya gigabaiti 16 au, akiweza, 32, na SSD kwa kazi iliyo mkononi. Picha za zamani zikae katika diski ya kawaida ya kuzunguka. Pawa saplai isiwe ya kubahatisha, kwani ikiharibika yaweza kuondoka na vingine. Kasha liwe la mwisho. Na kompyuta zilizotumika maofisini, ambazo huuzwa kwa bei nafuu, zifunguliwe kabla ya kulipiwa: nyingi zina ubao na plagi za umeme zisizofuata ATX, na huko unarudi nyuma ya mwaka 1995.

Tena kuna njia isiyo na gharama. Iamuru programu ikutengenezee nakala ndogo za picha zako, uhariri hizo, na mwisho kazi itolewe kwa picha za asili. Ni ile ile nakala ya kazi ya wahariri wa mkasi na gundi.

Kabla ya somo lijalo, kikundi chenu kifungue kazi moja ya video katika kompyuta yoyote iliyo karibu. Ichezesheni, na huku mtazame kile kiwambo kinachoonyesha shughuli za prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya picha. Andikeni ni kipi kinachofika asilimia 100 kwanza.