Ndiva

Ndiva ni bwawa dogo la jadi la kumwagilia mashamba katika Milima ya Pare, hasa wilayani Same, mkoani Kilimanjaro. Hujengwa mteremkoni kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, ingawa siku hizi nyingi zimesakafiwa kwa saruji.

Tambarare za magharibi, kama Makanya, ziko upande wa milima usiopata mvua nyingi: hupokea milimita 400 hadi 600 kwa mwaka. Huko shida si uchache wa maji tu, bali mwendo wake. Kijito chembamba kikiachiwa mfereji wa udongo mchana, sehemu hunywewa na ardhi, sehemu hukaushwa na jua, na shamba la mbali haliambulii kitu. Ndiyo maana tundu la ndiva huzibwa jioni. Usiku maji hujaa polepole. Asubuhi huachiwa kwa mkupuo, na msukumo huo huyavusha mfereji mzima kabla hayajapotea.

 

Zamani ndiva ilikuwa mali ya ukoo ulioichimba. Sasa kwa kawaida husimamiwa na kamati ya watumiaji inayopanga zamu. Zamu hizo hazimalizi ugomvi, kwani wa juu huyafikia maji kwanza.