Dawa za zamani katika kuulinda moyo baada ya mshtuko

Hii ni njia ya tiba ambapo dawa iliyozoeleka kwa maradhi mengine hupewa mtu aliyepata mshtuko wa moyo, ili msuli wa moyo usizidi kuharibika wala mshtuko usirudi. Madhara ya dawa kama hiyo yanajulikana tayari na mara nyingi bei yake ni nafuu.

Mfano mkubwa ni aspirini, iliyotengenezwa katika maabara ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1897, ikawa dawa ya maumivu na homa. Katika miaka ya 1940 daktari Lawrence Craven wa Glendale, California, aliona kwamba wagonjwa waliokatwa mafindofindo, wakatafuna chingamu yenye aspirini ili kutuliza maumivu, walitokwa na damu kupita kiasi. Kwa kuwa mshtuko wa moyo kwa kawaida hutokea pale donge la damu linapoziba mshipa unaoulisha moyo, alianza kuwapa wagonjwa wake aspirini kama kinga. Wazo lilikuwa zuri, ila hakuwa na kundi la kulinganishia, na wenzake wengi hawakulijali.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1988 kwa jaribio la ISIS-2, lililohusisha wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Waliopewa miligramu 162.5 za aspirini kila siku kwa mwezi mmoja walipungukiwa na vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 ndani ya wiki tano. Watafiti walipotakiwa kuyachambua matokeo kwa vikundi vidogo vidogo, waliwagawa wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa. Hesabu ikaonyesha kana kwamba aspirini haiwafai wenye nyota ya Mapacha na Mizani! Walifanya hivyo makusudi, kuonya kwamba ukiikatakata takwimu mno utaona hata kisichokuwepo. Onyo hilo lingali na uzito leo.

Siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo ya kupandikizwa, ilileta matumaini mwaka 2008 kwa wagonjwa 58 tu nchini Ufaransa. Mwaka 2015 ilipojaribiwa kwa watu 970, haikuwafaa kitu.

Kolkisini, dawa ya jongo itokanayo na mmea, bado inabishaniwa. Hutuliza uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili, uvimbe ambao pia huchangia kuharibu kuta za mishipa ya moyo. Jaribio la COLCOT la mwaka 2019, lenye wagonjwa 4,745, lilipima miligramu 0.5 kwa siku: mishtuko, viharusi na matukio mengine ya aina hiyo yaliwapata asilimia 5.5, dhidi ya 7.1 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Marekani iliiidhinisha kwa maradhi ya mishipa ya moyo mwaka 2023. Mwaka uliofuata, jaribio la CLEAR SYNERGY lenye wagonjwa 7,062 halikuona faida. Isitoshe, kolkisini ikizidi kipimo huua, na ni ya hatari kwa mwenye figo dhaifu.

Aliyeandikiwa aspirini baada ya mshtuko asiiache bila kumwona daktari wake. Asiyewahi kuugua moyo naye asijianzishie, kwani inaweza kumtoa damu tumboni au kwenye ubongo.