Yaphet Kotto: Gwiji wa filamu ambaye hakuwahi kuwa ‘stelingi’

KILA aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video, iwe Manzese jijini Dar es Salaam au Kisauni mjini Mombasa, anaifahamu kanuni moja: stelingi hafi. Risasi zitamkosa, gari litapinduka naye atoke akijipangusa vumbi, na adui atajieleza kwa kirefu mpaka stelingi apate wasaa wa kujifungua kamba.

Mwigizaji wa Marekani, Yaphet Kotto, hakujaliwa bahati hiyo. Katika filamu zilizompa umaarufu alipasuka kama puto, alinyongwa na hewa ya rangi ndani ya kiwanda cha magari, na aliuawa na dubwana ndani ya chombo cha anga za juu. Hata hivyo, watazamaji wengi walitoka ukumbini wakimkumbuka yeye kuliko huyo aliyebaki hai.

Kotto, aliyefariki dunia Machi 15, mwaka 2021 nchini Ufilipino akiwa na umri wa miaka 81, alikuwa miongoni mwa waigizaji ambao sura zao zinajulikana dunia nzima ilhali majina yao hayakumbukwi kwa urahisi. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki analo jambo la ziada. Ndiye aliyevaa magwanda ya Idi Amin katika filamu ya uvamizi wa Entebbe, wakati Amin mwenyewe akiwa bado Ikulu.

Alizaliwa Novemba 15, mwaka 1939 katika Jiji la New York. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Kameruni na mama yake, aliyekuwa muuguzi, alikuwa na asili ya Panama. Wazazi hao walitengana mtoto akiwa mdogo, akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama katika mtaa wa Bronx.

Nyumba yao ilifuata dini ya Kiyahudi. Kwa mtoto mweusi wa Bronx ya miaka ya 1940 hiyo ilikuwa mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja, na Kotto alisimulia ukubwani jinsi alivyolazimika kupigana mitaani kwa sababu ya rangi yake na ya imani yake. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1997 alidai pia kuwa ukoo wa baba yake ulitokana na wafalme wa Kameruni.

Kwa maelezo yake mwenyewe, wito wa uigizaji ulimjia ndani ya jumba la sinema alipomtazama Marlon Brando katika filamu ya On the Waterfront ya mwaka 1954. Alianza mafunzo akiwa na miaka 16, na alipofikisha 19 alikuwa jukwaani akicheza Othello. Wapo waigizaji waliosubiri nusu ya maisha yao kukabidhiwa nafasi hiyo ya Shakespeare.

Mwaka 1964 alionekana katika Nothing But a Man, filamu ndogo ya mwongozaji Michael Roemer kuhusu kibarua wa reli mweusi anayetafuta heshima yake katika jimbo la Alabama. Humo alikuwamo pia Julius Harris, mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia katika filamu. Msomaji alishike jina hilo, kwa maana njia za watu hawa wawili zitakutana tena na tena.

Baadaye Kotto alifika Broadway, ambako alichukua nafasi ya James Earl Jones katika mchezo wa The Great White Hope. Mwaka 1970 alikuwa katika The Liberation of L.B. Jones, filamu ya mwisho ya mwongozaji mkongwe William Wyler, na mwaka 1972 akawa Luteni Pope katika Across 110th Street, afisa wa polisi msomi anayelazimika kufanya kazi na kapteni mzungu mla rushwa aliyechezwa na Anthony Quinn. Hiyo ni moja ya filamu chache ambazo Kotto anabaki hai na mwenzake mzungu ndiye anayeuawa.

Umaarufu wa kimataifa ulimfikia mwaka 1973 kupitia Live and Let Die, filamu ya kwanza ya Roger Moore kama James Bond. Kotto alikuwa Dk. Kananga, kiongozi wa kisiwa cha kubuni cha San Monique ambaye akivaa sura ya bandia anageuka kuwa Mr. Big, mkuu wa wahalifu wa Harlem. Mpango wake ni kugawa bure tani mbili za heroini, awafilisi washindani wake, kisha awauzie watumiaji kwa bei atakayo.

Jina hilo la Kananga lina kisa chake. Wapo wanaodhani lilitokana na mji wa Kananga ulioko Kasai, Kongo. Ukweli ni kwamba lilichukuliwa kwa Ross Kananga, mwenye shamba la mamba nchini Jamaika ambako sehemu ya filamu ilipigwa, na ndiye aliyekimbia juu ya migongo ya mamba hai kwa niaba ya Moore.

Msaidizi wa Kananga, yule jitu la mkono wa chuma aitwaye Tee Hee, alichezwa na Julius Harris.

Kotto alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa adui mkuu katika filamu za Bond, lakini hakuifurahia heshima hiyo kama ilivyotarajiwa. Alieleza miaka mingi baadaye kwamba mwandiko wa filamu ulimkwaza kwa jinsi ulivyowachora watu weusi, na kwamba namna Kananga anavyokufa, kwa kulazimishwa kumeza risasi ya gesi hadi anavimba na kupasuka, ilikuwa kichekesho. Mtazamaji wa leo hana budi kumuunga mkono. Mtu aliyesimama kwa utulivu na adhama saa mbili nzima hakustahili kuondoka kama puto la sherehe ya watoto.

Kisha ikaja Entebbe.

Juni 27, mwaka 1976, ndege ya Shirika la Ndege la Ufaransa iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris kupitia Athens ilitekwa na kupelekwa Uganda. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomandoo wa Israel walivamia uwanja wa Entebbe na kuwaokoa mateka wengi, na wakirejea ndege zao zilitua Nairobi kujaza mafuta. Watayarishaji wa Marekani hawakusubiri hata mwaka upite. Vituo viwili vya televisheni vilikimbizana kila kimoja na filamu yake.

Ya kwanza, Victory at Entebbe, ilirushwa na ABC Desemba 13, mwaka 1976. Aliyepangwa kuwa Amin ni mchekeshaji Godfrey Cambridge, lakini alipatwa na shambulio la moyo akiwa kazini na kufariki dunia mwishoni mwa Novemba. Nafasi yake ikachukuliwa na Julius Harris.

Ya pili, Raid on Entebbe, ilirushwa na NBC Januari 9, mwaka 1977 chini ya uongozaji wa Irvin Kershner. Amin wa filamu hii alikuwa Kotto. Hivyo ndani ya wiki nne Wamarekani walimwona Nduli akichezwa na Tee Hee, halafu akichezwa na Dk. Kananga. Sijui kama Amin alizitazama. Angezitazama, huenda angedai malipo.

Kati ya wawili hao, Kotto ndiye aliyeacha alama. Hakumfanya Amin kuwa jambazi wa kukunja ndita tangu mwanzo. Amin wake anaingia kwa mateka kwa tabasamu pana na sauti ya mwenyeji mkarimu, na ni ukarimu huo unaotisha, kwa sababu mateka hawajui lini utakwisha. Waliokuwa wakiishi Kampala zama zile hawakuhitaji maelezo ya ziada kuhusu tabasamu hilo.

Kazi hiyo ilimpatia uteuzi wa kuwania tuzo ya Emmy. Amin aliyechezwa humo aliendelea kutawala kwa miaka miwili zaidi, mpaka majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walipoiteka Kampala Aprili 11, mwaka 1979. Baada ya Kotto walikuja Amin wengine: Mkenya Joseph Olita katika filamu ya mwaka 1981, kisha Forest Whitaker, ambaye mwaka 2007 alitwaa tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo. Kotto hakuwahi hata kuteuliwa kuwania Oscar.

Kama ingelazimu kuchagua kazi moja tu ya kumpima, mwandishi wa makala haya angechagua Blue Collar ya mwaka 1978, filamu ya kwanza ya Paul Schrader kama mwongozaji. Ni hadithi ya wafanyakazi watatu wa kiwanda cha magari, wawili weusi na mmoja mzungu, wanaovunja sanduku la fedha la chama chao cha wafanyakazi. Wanakuta fedha kidogo, pamoja na daftari linalofichua mikopo haramu ya viongozi.

Richard Pryor na Harvey Keitel ndio waliopewa majina makubwa kwenye matangazo. Mvutano kati ya waigizaji hao watatu wakati wa upigaji ulikuwa mkubwa kiasi cha kumtoa machozi mwongozaji. Lakini kitovu cha filamu ni Smokey wa Kotto, mfungwa wa zamani asiye na mke wala mtoto, ambaye peke yake ndiye anayeielewa mashine inayowasaga. Ni yeye anayewaeleza wenzake jinsi wakubwa wanavyomgombanisha mkongwe na kijana, mweusi na mweupe, ili kila mmoja abaki mahali pake.

Kwa sababu anaelewa, Smokey anauawa. Anafungiwa katika chumba cha kupulizia rangi, mashine zinawashwa, na kelele za kiwanda zinameza sauti yake. Hakuna bunduki wala muziki wa kishujaa, na pengine ndiyo maana tukio hilo halifutiki akilini.

Mwaka uliofuata ikatoka Alien ya Ridley Scott. Kotto alikuwa Parker, fundi mkuu wa chombo cha mizigo Nostromo, ambaye tangu mwanzo anadai yeye na msaidizi wake, aliyechezwa na Harry Dean Stanton, wapewe mgawo sawa na maafisa. Kabla ya dubwana kutokea, filamu hiyo ni ya watu wanaobishania posho, na Parker ndiye sauti ya walalahoi wa anga za juu. Inasimuliwa kwamba Scott alimtaka Kotto amchokoze Sigourney Weaver hata nje ya kamera ili ugomvi wao uwe wa kweli. Parker anakufa akijaribu kumwokoa mwenzake: alikuwa na silaha ya moto mkononi, lakini hakuweza kuifyatua kwa kuwa mwanamke huyo alisimama katikati.

Hapo ndipo Kotto alipofanya uamuzi uliozua mjadala kwa miaka mingi. Kershner, yule aliyemwongoza katika Raid on Entebbe, ndiye aliyekabidhiwa The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, na Kotto alieleza kuwa aliitwa kucheza Lando Calrissian. Alikataa. Alihofia kwamba mhusika huyo angeuawa, na kwamba baada ya Alien angeonekana mtu wa vyombo vya anga tu. Nafasi ikaenda kwa Billy Dee Williams, na Lando hakufa.

Mwaka 1987 jina lake lilikuwa katika orodha fupi ya waliofikiriwa kuwa Kapteni Picard wa mfululizo mpya wa Star Trek. Hilo nalo halikutimia, na nafasi ilichukuliwa na Patrick Stewart kwa miaka saba. Kotto alikiri baadaye kuwa kuipa kisogo nafasi hiyo lilikuwa kosa. Ni rahisi kumlaumu, lakini mtu ambaye kila mwandiko anaoletewa unamuua kabla ya ukurasa wa mwisho ana haki ya kuufungua mwandiko unaofuata kwa mashaka.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa katika Brubaker ya Robert Redford, katika The Running Man ya Arnold Schwarzenegger ambamo alikufa tena, na katika Midnight Run ya mwaka 1988. Humo alidhihirisha kipaji cha kuchekesha bila kucheka: ni ofisa wa FBI, Alonzo Mosely, anayeibiwa kitambulisho na Robert De Niro na kutwa akisikia jina lake likitumiwa na mtu mwingine.

Januari 1993 NBC ilianza kurusha Homicide: Life on the Street, tamthilia iliyopigwa Baltimore na kutokana na kitabu cha mwandishi wa habari David Simon. Kotto akawa Luteni Al Giardello, mkuu wa kikosi cha upelelezi wa mauaji, mweusi mwenye damu ya Kisisilia. Alidumu katika nafasi hiyo kwa misimu yote saba hadi mwaka 1999, na aliandika baadhi ya vipindi mwenyewe.

Giardello hakuwa mkubwa wa kupayuka. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1994 anamshinikiza mpelelezi wake hodari, Frank Pembleton, aache kuwafuatilia polisi wenzake katika kesi ya mauaji na amtafute raia. Pembleton anatii kwa namna ya kumwadhibu bosi wake: anamwingiza kijana asiye na hatia katika chumba cha mahojiano, anamfanya akiri, kisha anamletea Giardello karatasi ya ungamo. Uso wa Kotto unapoipokea karatasi hiyo unasema yote.

Tamthilia ilifungwa kwa filamu ya mwaka 2000 ambamo Giardello, sasa akigombea umeya, anapigwa risasi. Hata huko hakupona.

Kotto alistaafu kimyakimya baada ya mwaka 2008 na kuishi miaka yake ya mwisho Ufilipino, nchi ya mke wake, ambaye ndiye aliyetangaza kifo chake kupitia mtandao wa Facebook. Kwa muda mrefu Homicide haikuweza kuoneshwa kwenye huduma za mtandaoni kutokana na masuala ya haki za muziki uliotumika. Agosti 2024, miaka mitatu baada ya mazishi, hatimaye iliwekwa kwenye huduma ya Peacock nchini Marekani, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa ilipoanza kikamwona Luteni Giardello kwa mara ya kwanza.