Kuharibika kwa gari-nyumba safarini

Kuharibika kwa gari-nyumba safarini ni hali ya gari lenye vifaa vya kulala na kupikia kushindwa kuendelea na safari kwa sababu ya hitilafu ya injini, umeme, breki, matairi au sehemu nyingine. Gari-nyumba huitwa pia gari la kambi. Tofauti na gari la kawaida, likiharibika wasafiri hukosa usafiri na makazi kwa wakati mmoja: kitanda, chakula, maji na nguo vyote vimo ndani yake.

Hitilafu nyingi hutanguliwa na dalili, kama vile taa ya onyo, harufu, mlio mpya au kupungua kwa nguvu. Dereva anayesimama mapema mara nyingi hukuta kosa dogo linaloweza kutengenezwa kando ya barabara. Anayelazimisha gari lifike mji unaofuata huweza kupoteza injini nzima, na pengine kuhatarisha maisha.

## Historia

Gari-nyumba lililopata umaarufu mkubwa zaidi ni Volkswagen Type 2 la Ujerumani. Mchoro wake wa kwanza ulichorwa na Mholanzi Ben Pon mwaka 1947, na utengenezaji ulianza mwaka 1950. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilianza kuyawekea magari hayo vitanda na makabati. Huko Brazil gari hilo liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2013.

Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Ulaya walisafiri kwa magari ya aina hiyo hadi Uhindi, kupitia Uturuki, Iran, Afghanistan na Pakistan. Njia hiyo ilifungika mwaka 1979 kutokana na mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Afghanistan uliofanywa na Umoja wa Kisovyeti.

Safari za namna hiyo ziliwalazimu wasafiri kujifunza ufundi. Mwaka 1969 Mmarekani John Muir alitoa kitabu *How to Keep Your Volkswagen Alive*, kilichoeleza matengenezo hatua kwa hatua kwa mtu asiyewahi kushika spana. Kitabu hicho kilisomwa sana na wenye magari hayo.

## Sababu

Gari-nyumba lina mazingira ya kazi yanayochangia kuharibika kwake:

* Uzito. Makabati, maji, gesi na mizigo huongeza mzigo kwenye injini, klachi, breki na matairi. Katika nchi nyingi za Ulaya leseni ya kawaida inaruhusu gari lisilozidi kilo 3500, na ni rahisi kuvuka kiwango hicho bila kujua.
* Kusimama muda mrefu. Magari mengi hukaa miezi kadhaa bila kutumika. Betri huishiwa nguvu, mabomba ya mpira hukauka, breki hushika kutu na matairi hugumika.
* Umri. Tairi linaweza kuonekana zima kwa nje huku mpira wake umechoka. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT pembeni mwa tairi huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.
* Milima na joto. Kupanda mlima kwa gia kubwa huchemsha injini, na kuteremka kwa kukanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zikose nguvu. Kwa hiyo dereva huteremka kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari.

## Dalili za mapema

* Taa nyekundu ya oili humaanisha kwamba msukumo wa oili umeshuka. Injini huzimwa mara moja, kwani vyuma vinavyosuguana bila oili huharibika kwa muda mfupi sana.
* Taa ya chaji humaanisha kwamba betri haichajiwi. Huenda mkanda wa feni umekatika au umelegea.
* Sindano ya joto inayopanda humaanisha kwamba injini inaelekea kuchemsha.
* Harufu ya petroli humaanisha kuna uvujaji. Gari husimamishwa na watu wote hushuka.
* Harufu kali ya kitu kinachoungua baada ya mteremko hutoka mara nyingi kwenye breki.
* Pedali ya breki inayozama au kuwa laini ni sababu ya kutoendelea na safari hata kidogo.
* Usukani unaovuta upande mmoja au kutetemeka unaweza kuonyesha tairi linalopoteza upepo.

Katika magari yenye injini nyuma, harufu na moshi hubaki nyuma ya dereva. Kwa sababu hiyo madereva wazoefu husimama kila baada ya saa mbili hivi na kulizunguka gari: hutazama chini kama kuna matone, hugusa matairi, na hufungua mfuniko wa injini.

## Mfano wa Volkswagen Type 2

Magari ya kwanza ya Type 2 yalikuwa na injini inayopozwa kwa hewa, isiyo na rejeta wala maji. Mkanda mmoja ulizungusha jenereta pamoja na feni ya kupoza injini. Kwa hiyo mkanda ukikatika, taa ya chaji huwaka, na injini hukosa pia upepo wa kuipoza. Dereva anayedhani ni tatizo la umeme tu, akaendelea mbele, huweza kuua injini kwa kosa linaloondolewa kwa mkanda mpya na spana.

Nafasi kati ya vali na mkono unaoisukuma hupimwa injini ikiwa baridi. Nafasi ikipungua, vali haifungi sawasawa na huungua. Hatimaye kichwa chake huweza kukatika na kuvunja pistoni. Katika injini za zamani vali ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ilikuwa hatarini zaidi, kwa sababu kipoza oili kilikaa kwenye njia ya hewa ya silinda hiyo. Mlio mdogo wa vali hauna madhara makubwa, lakini vali iliyokuwa ikilia kisha ikanyamaza inahitaji kupimwa.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Mabomba ya mpira ya petroli hupita karibu na injini ya moto, na yakizeeka hupasuka na kudondosha petroli. Kasha la injini hizo za zamani limetengenezwa kwa aloi ya magnesi, metali ambayo ikishika moto huwaka kwa ukali na haizimwi kwa maji. Kubadilisha mabomba hayo kabla ya safari ni kazi ya gharama ndogo inayookoa gari na watu.

## Hatua za kwanza barabarani

Gari linapoonyesha hitilafu, usalama wa watu hutangulia matengenezo. Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Kuwasha taa za tahadhari na kulitoa gari barabarani kadiri linavyoweza kwenda, mbali na kona na kilele cha mlima.
2. Kuwashusha abiria kwa upande usiopitiwa na magari na kuwaweka mbali na barabara, nyuma ya uzio kama upo. Watu hawabaki kitandani ndani ya gari lililokwama kando ya barabara kuu.
3. Kuvaa fulana inayoakisi mwanga na kuweka pembetatu ya tahadhari nyuma ya gari. Kwenye barabara kuu za mwendo kasi za Uingereza pembetatu haziwekwi, kwa sababu kuzipeleka kwa miguu ni hatari zaidi.
4. Kufunga vali ya mtungi wa gesi.
5. Kuweka breki ya mkono na kuzuia magurudumu kwa vigingi au mawe.
6. Kuomba msaada. Katika nchi za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112.

Katika Afrika ya Mashariki madereva wengi huweka matawi mabichi barabarani mbele na nyuma ya gari lililoharibika. Ishara hiyo hueleweka na watu wote mchana, lakini usiku matawi hayaakisi mwanga, hivyo hayachukui nafasi ya pembetatu. Matawi na mawe huondolewa gari linapoondoka, kwani jiwe lililosahaulika barabarani huweza kumuua mwendesha pikipiki.

## Matengenezo yanayowezekana njiani

Injini iliyochemsha. Injini huzimwa na kuachwa ipoe. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya mgandamizo huruka na kuunguza uso na mikono. Ikipoa, maji huongezwa taratibu na mabomba hukaguliwa. Katika Volkswagen za miaka ya 1980 zenye injini nyuma na rejeta mbele, hewa huweza kunaswa katika mabomba marefu. Ni lazima itolewe, la sivyo gari litachemsha tena.

Betri iliyokwisha. Betri nzima ya volti 12 husoma karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ili kuazima chaji kwa gari jingine, waya mwekundu huunganishwa kwanza kwenye chanya ya betri iliyokwisha, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanza kwenye hasi ya betri nzima na kumalizia kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake, kwa sababu betri hutoa hidrojeni ambayo cheche huweza kuilipua. Gari lenye gia za mkono huweza pia kusukumwa na kuwashwa kwa gia ya pili.

Pancha. Gari hukazwa mahali tambarare, nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, kisha jeki hupandisha. Hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala anayebaki ndani yake.

Fyuzi iliyoungua. Hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile. Fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya huacha nyaya zipate moto nyuma ya makabati ya mbao.

Breki, usukani na uvujaji wa petroli si vitu vya kufungwa kwa kamba ili safari iendelee. Gari lenye hitilafu hizo hukokotwa au kubebwa.

## Magari ya kisasa

Magari-nyumba ya leo hujengwa mara nyingi juu ya magari ya mizigo ya dizeli, kama vile Fiat Ducato. Kompyuta ya gari ikigundua hitilafu huweza kupunguza nguvu ya injini ili kuilinda. Kifaa kidogo cha kusoma makosa, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi, huonyesha namba ya hitilafu. Namba hiyo ni mwanzo wa uchunguzi tu: huenda kihisi kinachotajwa ni kizima, na tatizo likawa waya uliolegea.

Magari mengi huwa na betri mbili, moja ya kuwashia injini na nyingine ya taa na jokofu. Mfumo wa kuzitenganisha ukiharibika, jokofu huweza kumaliza betri zote mbili usiku mmoja.

## Vifaa na vipuri

Vipuri huchaguliwa kwa kuangalia kitu kinachoweza kusimamisha safari na kisichopatikana kirahisi njiani. Kwa kawaida hubebwa:

* mkanda wa feni, fyuzi, balbu na plagi
* bomba la petroli, bomba la maji na vibano vyake
* oili na kimiminika cha kupoza injini
* spana, bisibisi, koleo, kipima umeme, waya na utepe wa kuhami
* tairi la akiba lenye upepo, jeki inayomudu uzito wa gari, na spana ya magurudumu
* waya za kuazimia chaji, kamba ya kukokotea, tochi na kizimamoto
* maji ya kunywa na chakula cha siku moja zaidi ya mahitaji

Kitabu cha ufundi cha aina ile ya gari humsaidia hata asiyejua kutengeneza, kwa kuwa fundi wa kijijini ambaye hajawahi kuliona gari hilo huweza kufuata michoro yake.

## Msaada, bima na mipaka

Vyama vya wenye magari, kama ADAC ya Ujerumani (1903) na AA ya Uingereza (1905), huwatumia wanachama mafundi barabarani. Mikataba mingi huweka kikomo cha urefu, kimo au uzito wa gari. Vipimo hivyo huhakikishwa kabla ya safari, kwani gari la kukokota la kawaida huenda lisimudu gari-nyumba kubwa.

Katika safari za mabara, gari mara nyingi huvushwa mpakani kwa hati ya forodha iitwayo *carnet de passages en douane*. Hati hiyo ni dhamana kwamba gari litatolewa nchini. Gari likiharibika kabisa haliwezi kuachwa tu porini: mwenyewe hulazimika kulisafirisha au kukamilisha taratibu za forodha, la sivyo atadaiwa ushuru. Hii ndiyo sababu baadhi ya wasafiri hutumia fedha nyingi kulibeba gari ambalo thamani yake imekwisha.

## Kulala ndani ya gari lililoharibika

Wasafiri waliokwama mara nyingi hulala ndani ya gari wakisubiri fundi au vipuri. Hilo hufanyika pale tu gari lilipo mbali na magari yanayopita na halina uvujaji wa petroli au gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni, karibu na kitanda cha chini.

Usiku wa baridi jiko la gesi au la mkaa halitumiki kupasha joto chumba. Moto katika nafasi iliyofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Blanketi za ziada, dirisha lililoachwa wazi kidogo na kifaa cha kutambua gesi hiyo ni kinga rahisi.