Ndege ya Viti Viwili: Historia Inayotengenezeka Mezani



Watoto wa Jinja wanaoishi upande wa Kimaka wanaujua uwanja mdogo wa ndege ulioko pale. Lakini mtoto akiuliza, "Rubani alifundishwa na nani, na alijifunzia ndege gani?", wazee wengi nyumbani hukosa jibu. Leo tuangalie historia hiyo kwa ufupi, kisha tuone jinsi familia inavyoweza kuijenga mezani kwa mbao za balsa.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Bendera zilibadilika usiku mmoja, lakini maofisa wa juu wa majeshi waliendelea kuwa Waingereza. Januari 1964, katika wiki moja, askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya. Huku kwetu maasi yalitokea katika kambi ya Jinja, na waziri Felix Onama akazuiliwa na askari. Walidai nyongeza ya mshahara, na pia walitaka Waafrika wapewe uongozi. Serikali ililazimika kuita wanajeshi wa Uingereza watulize hali. Somo lilikuwa wazi: uhuru bila watu waliofundishwa kazi ni uhuru nusu.

Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni 1964, Kenya ilianzisha jeshi lake la anga. Ndege ya mafunzo ya mwanzo ilikuwa Chipmunk ya kampuni ya de Havilland. Ilibuniwa Canada na kuruka mara ya kwanza tarehe 22 Mei 1946. Ina injini moja na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma, na kila mmoja ana usukani wake. Mwanafunzi akikosea, mwalimu hurekebisha. Akiiva, mwalimu hushuka na kumwacha aruke peke yake. Uganda nayo, kwa msaada wa Israel wa miaka ile, ilipata ndege za mafunzo za jeti aina ya Fouga Magister, zilizobuniwa Ufaransa.

Kwa ndege za kiraia, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani Soroti mwaka 1971, kaskazini ya Mbale. Vijana wa Kenya, Tanzania na Uganda wakasoma pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mali nyingi ziligawanywa, lakini chuo kilibaki palepale Soroti.

Sasa tuje kwenye mfano wetu. Chipmunk halisi ina mabawa ya mita 10.46 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 7.75. Ukigawanya kwa 20 unapata sentimita 52 na sentimita 39, kipimo kinachotosha mezani. Mwachie mtoto afanye hesabu hiyo mwenyewe.

Balsa ni mti wa Amerika ya kati na kusini, na kwa wingi hutoka Ecuador. Ni mbao nyepesi sana, hukatwa kwa wembe, kwa hiyo mtu mzima awe karibu. Isipopatikana, anzeni na mabua makavu, kama watoto wetu wanavyotengeneza magari. Choreni ramani kwanza. Kateni mbavu za bawa zikiwa sawa kabisa, mzipange juu ya ramani, mzigandishe kwa gundi na kuacha zikauke usiku mzima. Kisha msasa laini, halafu karatasi nyembamba juu ya mbavu.

Msisahau mkia. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, ameandika kuhusu Abbas ibn Firnas wa Cordoba, aliyejaribu kuruka katika karne ya 9. Aliumia mgongo wakati wa kutua, na sababu iliyotajwa ni kwamba hakujiwekea mkia, naye ndege wa angani hutua kwa msaada wa mkia wake. Mfano wenu ukiyumba, tazameni mkia, kisha uzito wa pua.

Rangi iwe nyembamba, mara mbili au tatu, maana rangi nzito huongeza uzito. Kabla ya kufungua kopo, tafuteni picha ya ndege hiyo ya mwaka mnaoutaka. Ndege ya kiraia ya Uganda wakati wa ukoloni iliandikwa ubavuni VP-U, ya Kenya VP-K, ya Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru zikawa 5X, 5Y na 5H. Kwa herufi hizo chache mtoto ataona nchi ikibadilisha jina lake angani. Ukichanganya herufi na mwaka, umeandika historia ya uongo kwa brashi.

Mwisho, wekeni viti vyote viwili, hata kama ni vipande vidogo vya karatasi ngumu. Kiti cha nyuma ni cha anayejua, na cha mbele ni cha anayejifunza. Askari wa 1964 walidai nafasi. Marubani wa kwanza walizipata kwa kukaa kiti cha mbele na kukubali kurekebishwa. Waulizeni watoto wenu: wewe ungependa kujifunza nini, na nani akae nyuma yako?