Reli ya Mfano: Jinsi Kila Injini Ilivyopata Jina Lake

Leo twazungumza juu ya reli ndogo za mfano, zile zinazojengwa juu ya meza. Wengine watasema huo ni mchezo wa watoto, nami sitagombana nao. Lakini watu wazima wamesumbuka nao miaka mingi, na shida iliyowasumbua ni hii: utawezaje kuiambia treni moja iondoke bila kuiondosha na ya pili?

Sikiliza jinsi mambo yalivyokuwa. Umeme hutoka katika transfoma, hupita reli ya upande mmoja, huingia katika mota ya injini kwa njia ya magurudumu, kisha hurudi kwa reli ya upande wa pili. Ukizidisha volti, injini huenda mbio. Ukigeuza pande za umeme, hurudi nyuma. Sasa weka injini ya pili juu ya reli ile ile, nawe uzungushe kitufe. Zote mbili zitaondoka pamoja! Kumbe wewe si mtawala wa injini, ila ni mtawala wa reli.

Kwa sababu hiyo mafundi waliikata reli vipande vipande, kila kipande na swichi yake. Treni ilipokaribia kipande kingine, mwendeshaji hakuwa na budi kuwahi swichi. Akichelewa, treni yake husimama. Akikosea, ya mwenziwe ndiyo iondokayo. Taabu hiyo ilizidi pale reli zilipoanza kupanda juu. Huko Monterey, California, aliishi mpiga picha mmoja, John Allen, ambaye reli yake, Gorre & Daphetid, ilipanda kutoka karibu na sakafu hata karibu na dari. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza kazi yake. Watu wa zama zake walikuwa na macho mawili na mikono miwili kama sisi, na swichi zilikuwa nyingi kuliko hivyo.

Majaribio ya kuiamuru injini yenyewe yalianza mapema. Katika miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa mtambo ulioitwa ASTRAC, ulioweza kuendesha injini tano, kila moja kwa mawimbi yake. Mwaka 1979 Hornby wa Uingereza walileta Zero 1, iliyoweza kuendesha injini 16. Katikati ya miaka ya 1980 Märklin wa Ujerumani nao wakaja na mtambo wao, wenye namba 80 za injini. Hayo yote ni maendeleo, lakini tazama kasoro yake: kila kampuni ilisema lugha yake peke yake. Aliyenunua mtambo wa nyumba moja alifungwa katika nyumba hiyo, na siku ilipoacha kuutengeneza, yeye alibaki na sanduku bubu.

Hapo ndipo aingiapo Bernd Lenz, fundi wa umeme wa Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni yake ilitengeneza mitambo ya kuamuru treni kwa ajili ya Arnold na Märklin. Wakati huo chama cha wajenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoundwa mwaka 1935, kilikuwa kikitafuta lugha moja ya wote. Kilichagua njia ya Lenz, kikapata ruhusa yake, kikaipanua, na mwaka 1994 kikaipitisha kuwa kanuni. Jina lake ni DCC. Kanuni hiyo yahusu lugha ipitayo katika reli tu. Visanduku vya mkononi viliachwa, na hata leo kisanduku cha kampuni moja mara nyingi hakiingii katika mtambo wa nyingine. Kwa maoni yangu kazi hiyo iliachwa nusu.

Lugha yenyewe ni rahisi. Reli huwa na umeme kamili wakati wote, lakini umeme huo hugeuka-geuka upesi mno. Mgeuko wa sehemu 58 za milioni ya sekunde maana yake ni moja. Wa sehemu 100 au zaidi ni sifuri. Ni kama mpiga mbiu apitaye kijijini: hutaja jina kwanza, kisha neno. Wote husikia, aliyetajwa ndiye aitikaye. Ndani ya kila injini mna kifaa kidogo, dikoda, kisikilizacho namba yake. Mwisho wa kila ujumbe mna hesabu ya kuhakikisha. Hesabu isipolingana, injini huupuuza ujumbe huo na kungoja urudiwe.

Sasa, wewe utakaye kujenga ghorofa, angalia sana. Treni hupanda kwa njia ya parafujo, reli ijizungushayo juu yake yenyewe, kama daraja la Brusio huko Uswisi, lililofunguliwa mwaka 1908. Ukichora duara la nusu kipenyo sentimita 75, kila mzunguko ni karibu mita 4.7. Ukipanda sentimita 10 kwa mzunguko, ghorofa ya sentimita 40 yataka mizunguko minne, karibu mita 19 za reli usizoziona vizuri. Injini moja ikianguka humo, magurudumu yake huunganisha reli mbili, shoti hutokea, na ghorofa zote husimama. Basi ipe kila ghorofa, na parafujo pia, swichi yake ya kujikata yenyewe. Pitisha waya nene chini yake, na waya ndogo kwa kila kipande cha reli. Usizibadilishe pande za waya kati ya ghorofa na ghorofa, kwani gurudumu likivuka mpaka utapata shoti nyingine.

Kisha chukua sarafu, uilaze juu ya reli mbili pale juu kabisa pa parafujo. Swichi isipojikata mara moja, ondoa sarafu, uongeze waya kabla ya kuweka treni.

Jambo moja limebaki. Injini mpya hutoka kiwandani na namba 3, karibu zote. Ukiweka mbili bila kubadilisha namba, moja chini na moja katika parafujo, ukaita 3, zote mbili zitaondoka pamoja.