Orlando: Volcano Bay yachukua nafasi ya Wet 'n Wild

Wet 'n Wild ilikuwa bustani ya michezo ya maji mjini Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Ilifunguliwa mwaka 1977 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2016. Tarehe 25 Mei 2017, kampuni iliyoimiliki, Universal, ilifungua bustani mpya iitwayo Volcano Bay, si katika kiwanja kile kile bali jirani na hapo.

Kwa msikilizaji wa Palma, Mocímboa da Praia au Ibo, ambaye bahari iko mlangoni pake wala haina kiingilio, huenda jambo hili likahitaji maelezo. Bustani ya michezo ya maji ni eneo lenye uzio, mabwawa na minara yenye mifereji ya kuteleza. Mgeni hulipa, hupanda ngazi, huteremka kwa kasi pamoja na maji hadi bwawani, kisha hurudi kupanda tena. Wet 'n Wild huhesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya aina hiyo katika zama hizi. Mwanzilishi wake, George Millay, ndiye aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa SeaWorld mwaka 1964. Hakuuza hadithi yoyote. Aliuza kasi, kimo na hofu kidogo. Jina lake lilienea mbali, hata Kunduchi, Dar es Salaam, kuna bustani yenye jina kama hilo.

Universal iliinunua bustani hiyo mwaka 1998, na mwaka 2013 ikanunua pia ardhi iliyokalia. Miaka miwili baadaye ikatangaza kwamba itaifunga.

Volcano Bay imejengwa kuzunguka mlima wa bandia wenye kimo cha mita 61 hivi, uitwao Krakatau, jina la volkano ya kweli ya Indonesia iliyolipuka mwaka 1883. Mgeni huvishwa bangili ya kielektroniki, TapuTapu, inayomshikia zamu ili asisimame ngazini akingoja. Siku za mwanzo zamu hizo zilikuwa ndefu mno, na malalamiko hayakukosekana.

Lakini tofauti kubwa ya bustani hizi mbili ni hadithi. Universal imebuni kabila zima, Wawaturi, watu wa visiwani wasiopata kuwako, ambao inasimuliwa walivuka bahari kwa mitumbwi yenye matengo wakimfuata samaki aitwaye Kunuku, hadi wakapata kisiwa cha kukaa. Picha yenyewe imeazimwa kwa mabaharia wa Bahari ya Pasifiki. Mwani atatabasamu hapa, kwa kuwa ngalawa yake ina matengo yale yale, na wataalamu wengi huyahusisha na mabaharia wa jamii hiyo hiyo kubwa ya lugha, waliofika Madagaska zamani. Wawaturi hawadai chochote kwa kutumiwa jina lao. Hilo ni faida ya kubuni watu badala ya kuwaomba ruhusa walioko.

Mwaka ule ule wa 2017, mwezi wa Oktoba, Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na kadiri vita vilivyoenea ndivyo hoteli za visiwa vya Quirimbas zilivyokosa wageni. Huku kulikuwa na visiwa, ngalawa na wavuvi wa kweli, lakini njia haikuwa salama. Kule, saa moja hivi kwa gari kutoka bahari iliyo karibu, kisiwa cha kutungwa kilijaa watu.

Ama kiwanja cha Wet 'n Wild, minara ilibomolewa na mahali pake pakajengwa hoteli mbili za bei nafuu, zenye jumla ya vyumba 2,800. Surfside ilifunguliwa mwaka 2019, na Dockside mwishoni mwa 2020, baada ya kucheleweshwa na janga la korona. Jina la kwanza lina mawimbi ndani yake, na la pili lina gati.